Bakteria wa maonyesho ya sayansi: anza na maziwa, si na kitasa cha choo

“Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro. Nataka kupeleka mradi kwenye maonyesho ya wanasayansi chipukizi. Swali langu ni kama mwarobaini unaua bakteria kuliko dawa ya hospitali. Nilipanga kuchukua bakteria kwa pamba kwenye kitasa cha choo cha shule na kwenye kidonda cha mdogo wangu, kipo mguuni na kina wiki mbili hakijapona. Niwaoteshe, halafu niweke maji ya mwarobaini upande mmoja na amoksilini iliyosagwa upande wa pili. Nilitumia jelatini ya dukani, ikayeyuka siku ya pili. Rafiki yangu akasema tutumie mchuzi wa nyama wenye sukari. Tumeutia kwenye chupa ya maji ya nusu lita, tukaifunga, iko chini ya kitanda changu na leo ni siku ya sita. Imevimba, na tulipoifungua kidogo ilinuka sana. Mwalimu wa baiolojia amesikia, amesema ni hatari na niache kabisa. Ni kweli? Bakteria si wapo kila mahali, hata mikononi? Na kama siruhusiwi kuwaotesha, nitafanyaje mradi wa bakteria?”

Marahaba, mwanangu. Mwarobaini utasubiri. Hiyo chupa haiwezi kusubiri, kwa hiyo tuitoe kwanza chini ya kitanda.

Mwambie mzazi au mwalimu leo hii, msiishughulikie wenyewe. Imevimba kwa sababu vijidudu vilivyomo vinakula sukari na kutoa gesi. Ikifunguliwa kwa pupa itarusha matone, na matone hayo yakiingia machoni, mdomoni au kwenye mchubuko wa kidole, hapo ndipo penye madhara. Mtu mzima avae glavu, aipeleke nje, aizungushie kitambaa kilicholowa maji ya jiki, ageuze uso pembeni, alegeze kifuniko kidogo kidogo mpaka gesi iishe. Mchuzi umwagwe chooni taratibu. Chupa na kifuniko vizamishwe kwenye ndoo yenye kipimo kimoja cha jiki na vipimo sita vya maji, vikae nusu saa, kisha vitupwe. Msimimine jiki ndani ya mchuzi wenyewe. Najua ndilo wazo la kwanza litakalowajia, lakini mchuzi wenye sukari ukikaa siku sita unachachuka, na jiki ikikutana na kitu kichachu hutoa gesi ya klorini ambayo huchoma koo na mapafu. Tena masalia ya nyama huimaliza nguvu jiki kabla haijawafikia bakteria wenyewe.

Kama kuna mmoja wenu aliyerukiwa siku mlipoifungua, na sasa ana homa, jicho jekundu, anaharisha au kidole kimevimba, aende hospitali na aseme waziwazi kilichotokea. Daktari hatawagombeza. Atajua tu aanzie wapi.

Sasa swali lako. Mwalimu wako yuko sahihi kuhusu hatari. Ila pale aliposema “acha kabisa”, mimi naona ni hasara kumnyima bakteria binti au kijana aliyejisumbua kuuliza. Ulichokosea ni njia, na njia inarekebishika.

Unasema bakteria wapo kila mahali, hata mikononi. Ni kweli, na wengi wao hawakudhuru. Ngozi yako, asidi ya tumboni na kinga ya mwili vinawamudu wale wachache unaokutana nao kila siku. Lakini kuotesha ni kitu kingine na kukutana. Bakteria wa kawaida wa utumboni akipata chakula na joto hugawanyika kila dakika 20 hivi. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne. Chukua karatasi uendelee kuzidisha: baada ya saa 8 wamefika zaidi ya milioni 16, na baada ya saa 10, yaani usiku mmoja wa kulala, wamepita bilioni moja. Hawaendelei hivyo bila kikomo, chakula huisha na uchafu wao huwazuia, lakini umenielewa. Kwenye kitasa cha choo huenda ulikuwa na wachache wa kuhara. Ukishawalisha usiku kucha, umetengeneza kiasi ambacho mwili haujawahi kukutana nacho, na hujui ni nani hao, kwa sababu kwa macho koloni, yaani kundi la bakteria waliozaana mahali pamoja, la bakteria mpole na la bakteria mkali yanaweza kufanana kabisa: kijidoa cheupe chenye kung’aa.

Mchuzi uliofungwa una ubaya wake wa ziada. Kuna bakteria wanaojifungia ndani ya ganda gumu liitwalo spora, na spora hazifi kwa maji yanayochemka ya nyuzi 100. Wapo wanaopenda mahali pasipo na hewa, wakiwemo wa pepopunda na wale wanaotengeneza sumu ya botulizimu, inayopoozesha mwili. Mchuzi wa nyama uliochemshwa, ukapoa, ukafungwa kwenye chupa, ni makazi wanayoyapenda. Sisemi kwamba ndio waliomo kwenye chupa yako. Ninasema hakuna anayejua, na ndiyo maana chupa hiyo haikustahili kufunguliwa ili inuswe. Ndiyo sababu pia maabara hazitegemei sufuria ya kawaida. Tunatumia mvuke wenye mgandamizo, nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi, na hapo spora nazo hufa.

Kuhusu jelatini, usijilaumu. Kosa hilo walilifanya wakubwa. Robert Koch, Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alianza kuotesha kwenye vipande vya viazi, kisha kwenye jelatini, na jelatini ikamsumbua kama ilivyokusumbua wewe. Inalegea joto likikaribia nyuzi 30, na tena wapo bakteria wenye kimeng’enya cha kuimeng’enya wakaigeuza maji. Aliyeleta suluhisho mwaka 1881 alikuwa mama aliyekuwa akichora picha na kusaidia kazi za maabara ya mumewe, Fanny Hesse. Yeye alizoea kugandisha vitamutamu vyake kwa agari, unga unaotokana na mwani, jambo alilojifunza kwa jirani aliyewahi kuishi Java. Agari ikishaganda haiyeyuki mpaka ifike karibu nyuzi 85, na bakteria wengi hawawezi kuila. Mpaka leo ndiyo tunayotumia. Maduka ya vyakula vya Kihindi huiuza, nyuzi nyeupe kavu au unga, watu wa pwani wanaijua kwenye futari. Usiichanganye na mwani unaolimwa Paje na Jambiani. Huo hutoa karajinani, ambayo nayo hugandisha vyakula lakini si agari.

Tuje kwenye mwarobaini na amoksilini. Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana hata kama usalama usingekuwa tatizo, jaribio ulilolipanga lisingekujibu.

Ulitaka kuona upande upi una duara kubwa lisilo na bakteria kuizunguka dawa. Duara hilo linategemea mambo mengi mbali na ukali wa dawa. Kuna kiasi ulichoweka, kuna unene wa agari, kuna idadi ya bakteria uliowapaka, na zaidi ya yote kuna wepesi wa dawa kusambaa ndani ya agari. Kitu kikali chenye molekuli kubwa kinaweza kutoa duara dogo kwa sababu tu hakitembei. Ndiyo maana Bauer, Kirby na wenzao walipoandika mwaka 1966 njia ambayo hospitali bado zinaitumia, walibana kila kitu: aina ya agari, kina chake, idadi ya bakteria, kidiski cha karatasi cha milimita 6 chenye dozi inayojulikana. Kidonge ulichosaga kina unga wa kujazia ndani yake, na majani yako yana kiasi ambacho hakuna aliyekipima. Unalinganisha vitu viwili visivyo na kipimo kimoja. Halafu kuna la mwisho, ambalo waamuzi wengi watakubana nalo: jiki itatoa duara kubwa kuliko dawa zote, na hakuna anayeinywa. Kuua bakteria kwenye kisahani hakusemi chochote kuhusu kutibu mtu.

Na antibayotiki zenyewe ziache. Ukiwawekea bakteria usiowajua dozi ya kubahatisha, wanyonge wanakufa na sugu wanabaki wakizaana peke yao. Hospitalini tunahangaika na usugu huo kila siku. Nimeshika majibu ya mgonjwa ambaye kati ya dawa tulizompimia ilibaki moja tu inayofanya kazi. Sitaki usugu huo uoteshwe chumbani kwako.

Basi ufanye nini? Ningekuwa mimi, ningefanya maziwa.

Kuna kipimo cha zamani cha viwanda vya maziwa ambacho kinaonyesha kazi ya bakteria bila kuotesha koloni hata moja. Kinatumia methileni bluu, ile rangi mnayotumia kuangalia seli za shavu kwenye hadubini, na bila shaka imo kwenye kabati la maabara yenu. Bakteria wakila wanatumia oksijeni iliyoyeyuka kwenye maziwa, na oksijeni ikiisha, rangi ya bluu inapotea. Bakteria wengi, bluu inakwisha upesi. Bakteria wachache, inakaa.

Yeyusha gramu 0.1 ya rangi kwenye mililita 100 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Chukua mililita 5 za maji hayo, uongeze maji mengine mpaka yafike mililita 100. Hiyo ya pili, iliyopunguzwa nguvu, ndiyo ya kutumia. Kwenye neli safi tia mililita 10 za maziwa na mililita 1 ya rangi, ziba, pindua mara mbili polepole, usimamishe kwenye beseni la maji ya nyuzi 37, neli zikiwa mbali na jua. Angalia kila nusu saa. Utaona bluu inaondoka kuanzia chini kupanda juu, na juu kabisa, pale maziwa yanapogusana na hewa, patabaki kipete chembamba cha bluu kisichotaka kuondoka. Usidhani umekosea. Pale oksijeni inaingia upya. Mwishoni jaribu kutikisa neli moja iliyokwisha kuwa nyeupe, kifuniko kikiwa kimekaza: bluu inarudi mbele ya macho yako. Mimi nimeiona mara nyingi na bado nasimama kuitazama.

Kwa desturi, maziwa yanayopoteza bluu chini ya saa 2 huhesabiwa mabaya sana, na yanayovuka saa 8 ni mazuri sana. Weka neli za maziwa yaliyochemshwa sasa hivi ili ulinganishe. Kama nazo zinapoteza bluu haraka, basi neli zako ni chafu. Kila jaribio lirudie mara tatu, siku tatu tofauti ikiwezekana, na uandike hata majibu usiyoyapenda.

Sasa tafuta swali lenye mizizi kwenu. Wafugaji wa Kimaasai, na kwenu Morogoro wapo, hufukiza vibuyu vya maziwa kwa vijinga vya mzeituni pori. Wazee wanasema maziwa yanakaa. Je, maziwa ya ng’ombe yuleyule, yakigawanywa kwenye kibuyu kilichofukizwa na kisichofukizwa, yanapoteza bluu kwa muda sawa? Mradi huo una swali moja, kitu kimoja tu kinachobadilika, na jibu la saa na dakika. Nenda kamwone mama anayefukiza, muulize anajuaje kwamba moshi umetosha, na uandike jibu lake. Maarifa yake ni sehemu ya mradi.

Kama huwezi kuachana na mwarobaini, uingize hapo hapo: maziwa yenye maji ya mwarobaini na maziwa yenye maji matupu ya kiasi kilekile. Lakini kuna mtego. Majani mengi yana kemikali zinazoweza kufuta methileni bluu zenyewe, bila bakteria yeyote. Kwa hiyo lazima uwe na neli ya maziwa yaliyochemshwa pamoja na mwarobaini. Bluu ikipotea humo, ni jani linalofanya hivyo, si bakteria. Mwanafunzi anayefikiria neli hiyo kabla ya mwamuzi kumuuliza ameshaelewa sayansi ni nini.

Maziwa mabichi yanaweza kubeba bakteria wa brusela na wa kifua kikuu, kwa hiyo fanya kazi hii maabara ya shule, mwalimu akiwepo. Usiyaonje, usivute kwa mdomo kwenye pipeti, na ukimaliza chemsha neli zote dakika 20 kabla ya kumwaga.

Kuna njia nyingine nitazitaja kwa kifupi. Hamira si bakteria, ni kuvu, lakini ni salama na inafundisha mambo yaleyale. Chupa ya maji ya vuguvugu, sukari, hamira, na puto mdomoni. Pima mzunguko wa puto kwa uzi kila dakika 10, ukilinganisha chupa yenye karafuu, yenye mdalasini na isiyo na kitu. Kitunguu saumu kinanoga zaidi hapa, kwa sababu alisini, kemikali yake kali, haimo kwenye punje iliyo nzima. Inatengenezwa pale punje inapopondwa na kimeng’enya kikakutana na mwenzake. Pika kwanza ndipo uponde, kimeng’enya kimeshakufa. Kilichopondwa kibichi na kilichochemshwa vitakupa majibu tofauti, na utakuwa na sababu ya kueleza.

Halafu kuna vinundu vya mizizi. Ng’oa mche wa kunde taratibu, osha udongo, utaona vinundu kama punje za mtama vimeng’ang’ania mzizi. Kata kimoja kwa wembe. Ndani kikiwa cha waridi, bakteria waitwao rhizobia wako kazini wakichukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Mwaka 2013 wasichana watatu wa Kinsale, Ayalandi, Ciara Judge, Emer Hickey na Sophie Healy-Thow, walishinda maonyesho ya nchi yao kwa kujaribu bakteria hao wa kunde na njegere kwenye mbegu za nafaka kama shayiri, kuona kama zitaota upesi. Mwaka 2014 wakashinda Google Science Fair. Walihesabu maelfu ya mbegu. Ninawataja kwa sababu Young Scientists Tanzania, maonyesho ya wanasayansi chipukizi ya hapa kwetu, yenyewe iliigwa kutoka maonyesho hayo ya Ayalandi, na kwa sababu kilichowashindisha ni subira ya kuhesabu, kazi isiyohitaji mashine ya gharama.

Ukisema bado unataka visahani na koloni, sikukatazi, ila si nyumbani. Hata maonyesho makubwa ya kimataifa kule Marekani, ISEF, hayaruhusu bakteria wasiojulikana kuoteshwa nyumbani, na visahani vyenye viumbe haviwekwi mezani siku ya maonyesho. Unabandika picha. Shule za Uingereza huelekezwa kuotesha kwenye nyuzi 25 hivi na si 37, ili wasiwape nafasi bakteria waliozoea joto la mwili wa binadamu, na Morogoro mwezi wa Februari chumba chako kimeshapita hapo bila mashine yoyote. Kwa hiyo omba maabara. Mnayo SUA hapo hapo mjini, chuo kinachofundisha udaktari wa mifugo na kinachoshughulika na bakteria kila siku. Mwombe mwalimu aandike barua ya shule, ukurasa mmoja, yenye swali lako, njia utakayotumia na utakavyoharibu bakteria ukimaliza. Hicho kipengele cha mwisho ndicho mtaalamu atakachokisoma kwanza. Usikate tamaa barua ya kwanza isipojibiwa. Nendeni wenyewe na mwalimu, mkiwa na daftari lenye majibu ya maziwa. Mtu mwenye data mkononi hupokelewa tofauti. Wakikukubali, watakupa bakteria anayejulikana jina na asiye na madhara, visahani vitafungwa na havitafunguliwa tena, na vitapita kwenye mvuke wa nyuzi 121 kabla ya kutupwa.

Nimebakiza mdogo wako. Kidonda cha mtu si mali ya mradi. Sampuli ya mwili wa binadamu inahitaji idhini na kamati ya maadili, na usaha wa kidonda mara nyingi una bakteria aina ya stafilokokasi, ambao sisi wenyewe huwashika kwa tahadhari. Lakini kinachonishughulisha zaidi ni wiki mbili ulizozitaja. Kidonda cha mguuni cha mtoto kilichofika wiki mbili bila kukauka kinahitaji kuangaliwa na daktari, na mtoto aulizwe kama chanjo zake za pepopunda zimekamilika. Usikifunge kwa majani wala kukinyunyizia unga wa kidonge. Kioshe kwa maji safi na sabuni, kifunike kwa kitambaa safi, na mpelekeni kituo cha afya kesho asubuhi. Ukiona wekundu unasambaa, mguu unakuwa wa moto, au ana homa, msisubiri kesho.